Mtani Aliyekaa Njiani

Kambi ya Juu, Shamba la Mkonge,
Mtama, Lindi.

Kwa dada yangu Skolastika,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo dada. Natumaini karatasi hii inakukuta umesimama kwa miguu yako miwili, maana katika barua yako ya mwisho uliniambia wa kushoto umevimba tena na unauchua kwa mafuta ya nyonyo. Je, umepungua? Na shemeji bado anakohoa, au ameacha kuivuta ile tumbaku anayodai anakilimia chama cha ushirika? Mama anakula? Mwambie mwanawe yu hai, ana meno yote, na bado hajaoa huku. Hilo litampa usingizi.

Mimi mwili ni mzima. Nasema mwili kwa sababu mengine sijui niyaweke fungu gani. Dada, Mfaume amekufa. Amekufa mbele ya macho yangu, mchana kweupe, nikiwa nimeshika bendera ya kumwokoa, na watu wamenisifu. Nakuandikia upate kuyasikia kwangu kabla hujayasikia kwa vijana wetu wanaomaliza mkataba mwezi huu na kurudi Songea. Wakifika huko wengine watasema Osmundi ameua mtu, wengine watasema Osmundi amepanda cheo. Hapa kambini yote mawili yanasemwa, tena na watu walewale. Mama msomee habari za mbio tu. Ukifika kwenye kifo, kunja barua umwambie karatasi imeisha.

Mfaume unamjua kwa barua zangu. Ndiye yule Mmwera aliyenikuta siku ya kwanza ninashuka kwenye lori la manamba, homa imenikamata, nimejitapikia shati. Aliniuliza kabila langu. Nilipomjibu Mngoni, aliweka mikono kichwani akawaita wenzake: "Njooni mwone, wale waliokuwa wanakuja kwa mikuki sasa wanaletwa na lori, tena wanatapika." Kisha akanibeba mgongoni mpaka kwake, akaninywesha uji wa muhogo mpaka nikaweza kusimama, na kila kijiko alikisindikiza kwa tusi. Alikuwa na mikorosho yake ng'ambo ya barabara, pale wazee wake walipohamia walipotoka Rutamba. Msimu wa korosho ukiisha, alikuwa anakuja kukata mkonge chini yangu, mimi nikiwa nyapara wake. Hakuniita nyapara hata siku moja. Aliniita mwizi.

Utani wetu na watu wa huku sina haja ya kukufundisha, umekua nao. Babu zetu waliwapiga babu zao na kuwanyang'anya chakula, na sisi wajukuu tunalipana kwa matusi. Ila huku wameukoleza kuliko kwetu. Mtani anaingia jikoni kwako anaondoka na kuku, nawe unasimama mlangoni unacheka. Anakwambia ufe leo ili apate viatu vyako, nawe unamwambia atangulie yeye. Anayekasirika ndiye anayeonekana mshamba. Nilipoumwa tena mwaka ule wa pili, Mfaume alikuja na fito akanipima urefu nikiwa kitandani, akatoka nje akawatangazia watu kaburi lichimbwe fupi, Mngoni huyu anakunjika. Nilicheka mpaka homa ikanitoka. Na mbuzi wake alipokufa nilikwenda kwake nimejipaka majivu, nikalia kwa sauti, nikadai kichwa kama mrithi. Ndivyo tulivyopendana. Sikuwahi kuwa na rafiki mwingine wa namna ile, na sitegemei kumpata.

Sasa sikiliza habari za mbio.

Kila mwaka hapa shambani hufanyika mashindano ya magari na pikipiki. Usidhani ni watu wa kazi hiyo. Ni meneja, ni fundi mkuu wa kiwanda, ni vijana wa Kihindi wa Lindi ambao Jumatatu wanauza vitenge na siku hiyo wanavaa miwani mikubwa na glavu. Wanazunguka barabara za katikati ya mkonge, wanatokea kwenye kipande cha barabara ya serikali ambacho hufungwa kwa siku ile, wanarudi tena ndani. Anayewahi anapewa kombe. Zamani kazi yetu sisi ilikuwa kubeba ndoo za mchanga na kuokota makopo wakishakula. Mwaka huu mwenyekiti wa tawi la chama alikwenda kwa meneja akamwambia tumekwisha kujitawala, haiwezekani mwananchi awe mtu wa kumezeshwa vumbi tu katika nchi yake. Shindano lenyewe likasemwa ni la kusherehekea sikukuu ya Uhuru, na bendera tukapewa sisi.

Watu wa bendera, ndivyo tulivyoitwa. Kila mmoja kofia nyeupe, kitambaa chekundu cha mkononi, filimbi, na bendera ya njano. Mimi nililala na ile kofia tumboni kama mtoto, nisikufiche.

Fundi mkuu ndiye aliyetufundisha, Mzungu mmoja wa masharubu mekundu ambaye mwenyewe ni dereva katika mbio hizo. Alitufundisha vizuri. Mtu wa bendera anatazama upande gari linakotokea na hageuzi mgongo. Bendera ya njano ikishikwa imetulia, maana yake kuna hatari mbele. Ikipepewa, hatari ni kubwa, dereva apunguze mwendo wala asimpite mwenzake. Ukisikia kituo cha nyuma kinapiga filimbi mara mbili, gari linakuja kwako. Mafuta yakimwagika njiani, ngoja magari yapite, kisha waite wa mchanga wayafunike. Bendera nyekundu, ile ya kusimamisha kila kitu, ilikuwa moja tu, nayo ilikaa kwa msimamizi mkuu pale magari yanapoanzia na kumalizia, karibu na turubai la wageni. Na juu ya yote, mtu wa bendera hakanyagi njia mbio zikiwa zinaendelea. Si kwa ajili ya mbuzi, si kwa ajili ya kofia iliyopeperuka, si kwa ajili ya mamake mzazi. "Ukiingia," alisema, "hatutazika mmoja, tutazika wawili." Ni sharti la akili, dada. Hata leo siwezi kusema ni sharti baya.

Siku ya mazoezi Yohana, yule Mmakonde ninayekaa naye chumba kimoja, alimwona mbuzi njiani akamkimbilia. Akavuliwa kofia palepale mbele za watu, akarudishwa kwenye ndoo za mchanga. Tulimcheka mpaka akaanza kula peke yake. Mimi ndiye niliyecheka zaidi ya wote.

Nikapangiwa kona ambapo njia ya shamba inatoka kwenye mkonge na kuingia barabara kubwa. Ni kona mbaya, gari hulioni mpaka limeshatokeza, na kijiji cha Wamwera kiko hapo hapo pembeni, kwa hiyo watu ni wengi. Meneja alinipa kona hiyo kwa sababu ya mdomo wangu. "Wale wanakusikia wewe," aliniambia. Ilikuwa kweli, na nilijua ni kweli.

Asubuhi yote niliwazuia watu wale kwa utani peke yake. Ilikuwa msimu wa korosho, kila mtu ana bibo mkononi, wazee wengine wameshaonja uraka, ile pombe ya mabibo, na kamba yetu ya mkonge iliyofungwa kwenye vijiti isingemzuia hata kuku. Nilisimama nyuma ya mstari wangu wa chokaa nikawapigia kelele: "Nyie, rudini nyuma. Babu zangu waliwakimbiza kwa miguu mkashindwa, leo mtaweza kulikimbia gari?" Wakaangua kicheko, wakarudi. "Wewe mama wa kanga ya bluu, ukigongwa nitakuoa ukiwa maiti, sitaki mahari kubwa." Wakarudi tena. Kwenye kona nyingine watu walizuiwa kwa fimbo na mzee mmoja akapasuliwa mdomo. Kwangu hakuna aliyevuka. Meneja alipita na Landrova akanyanyua kidole gumba, na mimi nikatanua kifua mpaka vifungo vikalalamika.

Mfaume hakuja asubuhi, alikuwa anaokota korosho. Alikuja jua limesimama, pikipiki zimekwisha kumaliza na magari yanaanza. Nikamwona upande wa pili, kikapu cha mabibo kichwani, kofia yake ya kufuma imebana masikioni. Aliponiona nimevaa vile alicheka mpaka akashika magoti.

"Jamani, Mngoni kavikwa kitambaa," akasema. "Nani kamtahiri tena?"

Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka. Akainua kamba akapita chini yake. Alikuwa ananiletea yale mabibo, dada. Nilijua ananiletea mimi, alifanya hivyo kila msimu. Na wakati huo nikasikia ndani ya mkonge filimbi ya kituo cha nyuma, mara mbili.

Nikainua bendera nikaanza kupepea. "Mfaume, toka njiani, utakufa."

Mtu mwingine angekimbia. Yeye alisimama katikati ya barabara, kwa sababu nimemwambia atakufa, na neno hilo mtani haliachi lipite bila jibu.

"Nikifa mimi, utamwibia nani?" akauliza. Watu wakashangilia.

"Sikutanii. Gari linakuja."

"Mmemsikia?" Akatua kikapu chini. "Leo Mngoni hatanii. Basi kiyama ni kesho."

"Haki ya Mungu nasema kweli."

"Mungu yupi, wa kwenu au wa kwetu?" Akakaa. Dada, alikaa chini barabarani, akanyoosha miguu, akachagua bibo kwenye kikapu akalifyonza, maji yakamtiririka kidevuni. "Wallahi siondoki hapa mpaka Mngoni apige magoti aombe radhi kwa yale mahindi ya babu yangu."

Kila nilivyozidi kusema kweli ndivyo walivyozidi kucheka. Sikuwa na neno lolote la hatari ambalo sikuwa nimekwisha kulitumia tangu asubuhi kwa kuchekesha. Kufa, kugongwa, kuzikwa, yote nilikuwa nimeyamaliza.

Nilikuwa na nafasi. Sijui ni kiasi gani, ila ilitosha, maana kati yangu na yeye zilikuwa hatua chache. Watu wananiuliza nilikuwa nafikiria nini, na huwa nawajibu nilikuwa nafikiria sharti la kutokanyaga njia. Wewe nitakwambia ilivyokuwa. Nilikuwa natafuta jibu. Watu walikuwa wanacheka upande wake, mimi na kofia yangu tumeshindwa mbele ya kijiji kizima, na nilitaka kumshinda. Jibu nikalipata. "Basi kaa," nikasema, "mikorosho yako nitairithi mimi."

Lilikuwa jibu zuri. Walicheka kwa sauti kubwa hivi kwamba hakuna aliyesikia gari.

Lilikuwa gari la bluu la fundi mkuu mwenyewe. Aliiona bendera yangu na akapunguza mwendo kama alivyotufundisha, na kama alivyopunguza siku ya mazoezi kwa ajili ya mbuzi. Kupunguza si kusimama. Mfaume aliliona lilipotokeza kwenye mkonge. Aliweka kiganja chini ili ainuke, na goti moja lilikwisha kunyanyuka. Zaidi ya hapo sitakuandikia. Watu wa mbele walinyamaza mara moja, lakini wale wa nyuma hawakuona kitu, wakaendelea kucheka peke yao kwa muda.

Mimi niliendelea kupepea bendera. Nyuma yake kulikuwa na magari mengine, na kazi yangu ilikuwa kuyaonya. Yakapita polepole pembeni mwa Mfaume, moja baada ya jingine, hakuna lililompita mwenzake. Miguu yangu yote miwili ilikuwa nyuma ya chokaa. Yohana na wenzake wa mchanga ndio waliokuja na machela wakambeba. Bendera nyekundu haikunyanyuliwa. Msimamizi mkuu alisema njia imeshasafishwa, mgeni rasmi ana safari ya kurudi Lindi, na mizunguko ya magari yenyewe ni michache. Kwa hiyo damu ilimwagiwa mchanga kama mafuta. Aliyewaashiria watu wa mchanga waje ni mimi. Kombe lilichukuliwa na kijana mmoja muuza vitenge, akapigiwa makofi. Mfaume alikata roho kwenye lori, hospitali haijaonekana.

Kesho yake asubuhi niliitwa ofisini. Alikuwepo meneja, mwenyekiti wa tawi, na askari aliyekuja kuandika maelezo. Walikuwa wamekwisha kuandika kwamba marehemu alikuwa amelewa uraka. Nikawaambia Mfaume hakunywa, bibo likianza kuchacha alikuwa analitupa. Askari akaniuliza, "Alikaa mwenyewe?" Nikasema alikaa mwenyewe. "Ulimwambia aondoke akakataa?" Nikasema alikataa. "Basi," akasema, akafunga kalamu yake.

Halafu mwenyekiti akasimama akanishika mkono. Alisema mtu mwingine angepoteza akili akarukia njiani, tukapata maiti wawili na aibu mbele ya mgeni rasmi. Ndugu Osmundi hakuyumba. Hii ndiyo nidhamu tunayoitaka, waliokuwa wanasema Mwafrika hawezi kukabidhiwa bendera sasa wameona. Meneja akatikisa kichwa kukubali. Akaniambia mwakani ile nyekundu nitashika mimi, nikae pale karibu na turubai. Unajua nilisema nini? Nilisema ahsante. Na wakati nasema ahsante, kule ng'ambo ya barabara walikuwa wanamzika, maana Waislamu hawalazi maiti. Sikufika kaburini.

Fundi mkuu, wanasema, hakula chakula siku ile wala iliyofuata. Baadaye tulimsikia karakana akigonga bati la mbele la gari lake kulinyoosha, asubuhi hadi saa ya chakula.

Siku ya pili baada ya mazishi, Hemedi, mdogo wake Mfaume, alikuja wakati naita majina ya wakataji. Kijana yule tangu namjua hajawahi kunisalimia bila kunitukania ukoo. Akasimama mbele yangu akasema, "Habari za asubuhi, Bwana Osmundi." Nilijibu nzuri.

"Mama kanituma," akasema. "Anasema tumemzika bila mtani. Hakuna aliyelala kaburini kutuzuia, hakuna aliyemtukana maiti, tumemfukia kimya kama mtu aliyeokotwa njiani. Siku ya kuondoa tanga uje ufanye kazi yako. Usipokuja, tutajua hukuwa mtani wetu. Tutajua ulikuwa adui tangu mwanzo, na yale maneno yako yote ulikuwa unayasema kweli."

Akaniaga kwa adabu akaenda zake.

Yohana alinishauri niombe uhamisho wa kwenda mashamba ya Tanga siku ileile. Alisema wananiita wanikate mapanga, na kama ni mapanga ningekubali upesi zaidi. Nilichoogopa ni kuchekesha. Siku zote zile nilikuwa nakata mkonge bila sababu, nyapara mzima nakata mkonge, nikijaribu kutafuta tusi moja la kuanzia. Yote yaliyonijia nilikuwa nimekwisha kumtukania akiwa hai.

Nilikwenda. Kisomo kilikuwa kimekwisha, wanaume wamekaa kwenye mikeka mbele ya nyumba, wanawake upande wa jikoni. Mjane alikuwa ndani, yumo edani, lakini dirisha lake lilikuwa wazi na kila kitu alikisikia. Nikapita katikati ya watu. Wote walinisalimia vizuri. "Karibu Bwana Osmundi. Pole na safari." Mzee mmoja alinisogezea mkeka. Sijawahi kuchapwa namna ile.

Mama yake Mfaume, Bibi Mwanahawa, alikuwa amekaa na wanawake, mdogo, amekunjamana, ushungi umefunika nusu ya uso. Nikamwamkia shikamoo. Akasema marahaba, akasubiri.

Basi nikafanya kazi yangu. Nikamnyang'anya Hemedi sahani ya wali aliyokuwa ameishika, nikakaa kwenye mkeka wa shehe, nikasema kwa sauti, "Nipeni na nyama. Huyu mtu kanichelewesha sana kufa, nimemsubiri tangu siku niliyofika." Wali ulinikaa mdomoni kama pumba. Nikaendelea. Nikasema kafa bila kunirudishia jembe, na kama hamniamini mfukueni mumuulize. Kule jikoni mwanamke mmoja akapasuka, sijui kwa kicheko au kwa kilio, na wengine wakamfuata. Wanaume wakaanza kutikisika mabega. "Mwige," wakasema. "Mtani, mwige." Nikamwiga anavyotembea na kikapu, anavyopenga kamasi, anavyomtazama mkewe akiambiwa akachote maji. Wakacheka kwa machozi. Hata nyuma ya lile dirisha nilisikia mtu anacheka.

Kisha sauti moja ikasema, "Mwige alivyokaa."

Hemedi akainuka. Akavunja tawi la mkorosho lenye majani, akachora mstari chini kwa kidole cha mguu, akasimama nyuma yake, kifua mbele. Akawa mimi. Nami nikakaa chini katikati ya uwanja, nikanyoosha miguu.

"Mfaume, toka njiani, utakufa," akasema Hemedi, kwa Kiswahili changu cha Songea, barabara kabisa. Watu wakacheka.

"Nikifa mimi, utamwibia nani?"

"Sikutanii. Gari linakuja."

Hakuacha neno. Siku ile alikuwepo pale kwenye kamba, na yote aliyashika. Nikawa naitikia maneno ya Mfaume kutoka chini, nafyonza vidole kana kwamba ni bibo, na nikawa namtazama Hemedi juu kule. Dada, alikuwa anatabasamu. Hakuwa anatabasamu kwa hiari yake, alikuwa ananiiga. Ndivyo nilivyokuwa siku ile. Alipofika kwenye "Haki ya Mungu nasema kweli," mimi niliyekaa pale chini, ninayejua mwisho wake, sikumwamini.

"Basi kaa, mikorosho yako nitairithi mimi," akasema.

Wakacheka mara ya mwisho, halafu hakuna aliyejua kifuatacho. Kilichobaki kilikuwa gari, na hakuna aliyetaka kuwa gari. Hemedi akaendelea kupepea lile tawi. Mimi nikaendelea kukaa.

Bibi Mwanahawa akainuka kwenye mkeka. Hakuwa na haraka. Alitembea akapita kwa Hemedi, akaukanyaga ule mstari akauvuka, akaja mpaka nilipo. Akanishika chini ya kwapa kwa mikono yake miwili akanivuta. Mimi ni mzito na yeye ni mifupa mitupu, nikamwachia anivute, matako yakiburuta mchangani, kidogo kidogo, mpaka akanifikisha pembeni miguuni pa Hemedi. Akasimama akihema.

"Kazi yenyewe," akasema, "ilikuwa hii tu."

Akawaambia wanawake wanipakulie nyama. Nikapakuliwa, nikala, na hakuna aliyeacha kunitazama mpaka nikamaliza.

Tangu siku ile wananitukana kama zamani. Hemedi ananiita mwizi, jina alilonipa kaka yake kalirithi. Yohana anasema nishukuru, nimesamehewa, maana adui hatukanwi. Pengine ni kweli. Lakini aliyesamehewa hivyo anatakiwa ajibu, dada, kila asubuhi, na mimi nikifungua mdomo hakuna kinachotoka. Kofia na filimbi nimemrudishia meneja. Alidhani naomba vipya.

Kuja nyumbani siwezi kabla mkataba haujaisha, kwa hiyo usimwahidi mama. Mpe mkono kwa niaba yangu, umshike kwa muda. Nisalimie shemeji na kikohozi chake. Msalimie baba mdogo Kastori, katekista wetu, umwombe aniweke katika sala zake bila kuuliza sababu. Shangazi Apolonia wa kuku, mwambie namkumbuka. Watoto wako wote wabusu, na yule mkubwa umwambie asizoee kucheza barabarani malori ya tumbaku yanapopita.

Na yule mzee wa Kingindo anayeshona viatu jirani yako, mtani wetu, atakuja kukuuliza nimemtumia tusi gani safari hii. Mwambie sikuandika kitu. Akidhani ni utani, mwache acheke.

Ni mimi mdogo wako niliye mbali,

Osmundi